Nyasi Bahari za Ghuba ya Chwaka: Namna ya Kuzipanda na Kuzitunza

Bahari inapokupwa katika Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja, kinachoonekana kwa wingi kuliko mchanga na mwamba ni nyasi bahari. Wageni wengi huzichanganya na mwani, ingawa viumbe hivi viwili havina undugu wa karibu. Mwani hujishika kwenye jiwe au kamba na kujilisha kutokana na maji yanayouzunguka, wakati nyasi bahari ni mmea kamili wenye mizizi, majani yenye mishipa, maua, matunda na mbegu, pamoja na shina tambazi linalokwenda chini ya mchanga na kuchipua njiani. Mmea huu huishi maisha yake yote ndani ya maji ya chumvi, na karibu kila jambo la upandaji na utunzaji wake linategemea hali ya lile shina la chini.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa vijiji vya pwani, Unguja na Pemba, ambao wamekuwa wakiniuliza iwapo nyasi zilizotoweka mbele ya vijiji vyao zinaweza kurudishwa kwa mkono. Jibu langu ni kwamba zinaweza, kwa masharti, na sharti la kwanza ni kujua kilichoziondoa.

Wavuvi wa madema hawahitaji kuelezwa thamani ya nyasi hizi, kwa kuwa wao hutega humo humo wakiwafuata tasi, pono na changu. Tasi na pono hula majani yenyewe na vile vimelea vidogo vinavyoota juu yake, na samaki wengi wa mwambani huupitisha utoto wao katika nyasi kabla ya kuhamia kwenye maji ya kina. Akina mama wanaotoka na vikapu maji yakikupwa ili kuokota kombe na kuchokoa chaza wanatembea katika makazi hayo hayo. Kasa wa kijani hula nyasi hizi, na nguva, ambaye siku hizi ni adimu sana katika maji yetu, chakula chake kikuu ni hizo. Mahali ambapo nyasi zimekwisha, mchanga huanza kuhama, maji huchafuka kila upepo unapovuma, na mvuvi wa dema hulazimika kwenda mbali zaidi kwa samaki wale wale.

Aina zinazoota katika pwani ya Tanzania zinazidi kumi, na haziko sawa hata kidogo kwa kasi ya kukua. Aina ndogo yenye majani ya duara dufu, Halophila ovalis, shina lake linaweza kutambaa zaidi ya mita 3 kwa mwaka panapokuwa na hali nzuri. Thalassia hemprichii, yenye majani yaliyopinda kidogo mfano wa mundu, hutambaa kiasi cha nusu mita. Enhalus acoroides, ile kubwa ambayo majani yake yanaweza kuuzidi urefu wa mita 1, hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka mzima. Mtu akishazifahamu tofauti hizi ataelewa kwa nini shimo lililochimbwa na nanga katika shamba la Enhalus hubaki shimo kwa miaka mingi, na kwa nini si busara kung'oa mmea wa aina hiyo hapa ili kuupeleka pale.

Kwa Enhalus, basi, mimi napendelea mbegu, na hapa naomba ruhusa ya kukaa kidogo, kwa sababu uzazi wa mmea huu ni jambo la kustaajabisha. Ua la kike husimama juu ya kikonyo kirefu kinacholifikisha kwenye uso wa maji wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kukupwa kupita kawaida, pale maji yanapokuwa machache. Maua ya kiume, madogo na meupe kama punje, hujikata yenyewe kutoka kwenye mmea huko chini, yakapanda juu na kuelea, yakisukumwa na upepo mpaka yakutane na ua la kike lililofunguka. Ukiinama asubuhi ya upepo hafifu unaweza kuyaona yakiteleza juu ya maji bila kulowana na kujikusanya pembeni mwa kila kitu kinachojitokeza. Baada ya kuchavushwa, kile kikonyo kirefu hujikunja mzunguko kwa mzunguko na kulivuta tunda chini, likomae karibu na mchanga. Tunda lililokomaa hupasuka na kutoa mbegu kadhaa kubwa ambazo hazina ganda gumu wala kipindi cha kulala. Huelea kwa muda mfupi, huzama, na huanza kuota mara moja. Mbegu ya namna hiyo haiwekwi ghalani wala haianikwi. Anayeokota matunda ayaweke katika ndoo ya maji ya bahari kivulini, ayabadilishie maji, na azipande mbegu haraka mahali penye tope laini lisilopigwa na mawimbi makali.

Kwa Thalassia, ambayo ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo katika mchanga ulio wazi kiasi kwa mawimbi, kipando kinachofaa ni kipande cha shina tambazi chenye machipukizi kadhaa na, muhimu kuliko yote, chenye ncha inayokua. Ncha hiyo ni nyeupe, imechongoka, na huvunjika kwa urahisi mkononi mwa mtu mwenye haraka. Kipande kisicho na ncha kinaweza kuishi kwa kutegemea machipukizi yake, lakini hakitembei, na tunachokitaka ni shina litembee. Mchimbaji aingize vidole chini ya shina na kulifuata taratibu, wala asivute majani. Achukue machache katika eneo pana la nyasi nene ili jeraha lisionekane, na baada ya siku za upepo mkali atembee kwanza ufukweni, kwani mara nyingi bahari yenyewe hung'oa vipande vizima na kuvileta, na hivyo, vikiwa bado vibichi, havimgharimu mtu yeyote.

Kabla ya hatua hiyo, hata hivyo, ipo kazi ya kuchagua mahali, na hapo ndipo juhudi nyingi zinapopotea. Mwaka 2016 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 1,786 ya kupanda nyasi bahari kutoka nchi mbalimbali, wakakuta kwamba wastani wa mimea iliyosalia hai ulikuwa takriban asilimia 37, na kwamba kuondoa kwanza chanzo cha uharibifu ni miongoni mwa mambo yanayoamua matokeo. Nasikitika ninapoona upandaji unafanywa kwa siku moja ya shamrashamra, mahali palipochaguliwa kwa sababu pako karibu na barabara, kisha taarifa inahesabu vipando vilivyopandwa badala ya vilivyo hai mwaka uliofuata. Mchanga mtupu unaweza kuwa mtupu kwa sababu nzuri. Pengine mkondo unapita hapo na kuuhamisha kila msimu, na pengine nyasi hazijawahi kuwepo. Waulizeni wazee waliovua mahali hapo, kisha chimbeni kidogo kwa mkono: mabaki ya mashina yaliyokufa chini ya mchanga ni ushahidi kwamba mmea uliwahi kupakubali.

Baada ya hapo tafuteni kilichouondoa. Juya la kukokota hung'oa, nanga huchimba, na maji machafu yenye mbolea nyingi huotesha mwani mwembamba unaofunika nyasi na kuzinyima mwanga. Mwanga una uzito wa pekee katika jambo hili, kwa kuwa nyasi bahari nyingi zinahitaji kati ya asilimia 10 na 20 ya mwanga unaofika kwenye uso wa maji, kiwango kikubwa mno kikilinganishwa na mahitaji ya mimea mingine mingi ya baharini, na ndiyo maana matope yanayodumu majini huziua hata pasipo mtu kuzigusa. Kuna pia wale viumbe wa mviringo wenye miiba (kwa Kiingereza sea urchins), ambao wanapozidi, kwa kuwa samaki wanaowala wamevuliwa, hula nyasi mpaka kwenye shina. Katika pwani ya kusini ya Kenya wameacha maeneo makubwa yakiwa matupu. Nimeona pia sehemu ambayo nyumba moja ya wageni iliagiza nyasi zikwanguliwe ili waogeleaji wakanyage mchanga mweupe, na misimu iliyofuata ufukwe wenyewe ukaanza kumegwa. Hakuna kipando kitakachoshinda reki.

Suala la kilimo cha mwani linahitaji kusemwa kwa uangalifu, kwa sababu tangu kilipoanza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki kimewapa maelfu ya wanawake wa Zanzibar kipato chao wenyewe, nami silipuuzi jambo hilo. Utafiti uliofanywa hapa hapa Chwaka umeonyesha kwamba chini ya mashamba ya mwani nyasi huwa chache na fupi kuliko pasipo mashamba. Kivuli cha mwani, kukanyagwa kila bamvua na desturi ya kung'oa nyasi ili kusafisha shamba vyote vinachangia. Ninachowaomba wakulima ni kwamba vigingi vipya vipigwe kwanza kwenye mchanga ulio wazi, kwamba nyasi zilizo kati ya kamba zising'olewe, kwa kuwa haziudhuru mwani, na kwamba njia za kupita zichaguliwe mbili tatu na zifuatwe na wote.

Upandaji wenyewe ni kazi ya saa chache maji yanapokuwa chini. Vipando visitoke majini muda mrefu; viwe katika beseni lenye maji ya bahari, vimefunikwa gunia bichi, na vilivyochimbwa leo vipandwe leo. Fungua mfereji wenye kina cha sentimita 3 hadi 5, laza shina likiwa na ncha yake imeelekea mahali unapotaka litambae, kisha lifukie bila kuzika kitako cha chipukizi ambako majani yanatokea. Ili mawimbi yasilitoe, kijiti cha mwanzi huchomekwa kando na kufungwa kwa uzi wa katani au wa makumbi, ambao utaoza mizizi ikishashika. Kamba za plastiki zisitumike kabisa. Panda kwa mafungu yaliyokaribiana, kwa sababu mimea iliyo pamoja huvunja nguvu ya maji na kukusanya mchanga wake, wakati kipando cha peke yake huchimbuliwa pembeni na kuanguka.

Kuhusu msimu, mimi huchagua malelezi yanayofuata kusi, bahari inapotulia na kabla jua la kaskazi halijawa kali. Kwetu, wakati wa bamvua maji hukupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo mmea uliopandwa juu mno huachwa juani katika sehemu mbaya ya siku na majani yake hubabuka. Panda kidogo chini ya mstari ambapo nyasi za asili zinaishia upande wa ufukweni. Masika nayo huleta maji ya matope, na kipando ambacho hakijashika mizizi kabla ya mvua hizo hakina matumaini makubwa.

Utunzaji baada ya hapo ni kuzuia miguu, nanga na nyavu, na hilo haliwezekani bila makubaliano na sheha na kamati ya wavuvi, tena kabla ya kupanda. Mpaka uwekwe kwa maboya yanayoonekana, na watega madema waulizwe wao upite wapi. Kila bamvua hesabu machipukizi katika fremu ile ile, yaani mraba unaolazwa mahali pale pale, ondoa majani yaliyosukumwa na maji yakarundikana juu ya vipando, na rudisha mchanga uliochimbuka. Ukitaka kujua kama mmea unakua au unavumilia tu, toboa majani yote ya chipukizi kwa sindano mara moja, pale yanapotokea kwenye ala yake (ule mfuko unaoyashika majani kitakoni), kisha urudi baada ya wiki moja. Tundu la ala halisogei, ila matundu ya majani machanga yatakuwa yamepanda, na umbali kati yao ndio ukuaji wa wiki hiyo. Jani lisilo na tundu kabisa ni jipya. Katika Thalassia yenye afya jani jipya huja kila baada ya siku kumi hivi, na endapo wiki tatu zinapita bila jani jipya, usiongeze vipando mahali hapo mpaka ujue sababu.