Siku Moja Maishani Mwangu: Mfasiri wa Lubumbashi na Majedwali ya Baruti

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Katika mtaa wetu wa Katuba umeme huwa wa kuaminika zaidi kabla watu hawajaamka, kwa hiyo mimi huanza kazi gizani na kuhakikisha kwamba betri ya kompyuta imejaa. Ninafasiri maandishi ya kiufundi kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa. Mara nyingi hayo ni maelekezo ya mitambo ya migodini, lakini kazi iliyopo mezani sasa ni mwongozo wa watu wanaoanza kujaza upya maganda ya risasi, ambao umeagizwa na mteja wa Montréal. Kwetu Kongo kutengeneza risasi kunahitaji idhini ya serikali, chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 1985. Nchini Canada na Marekani, wawindaji na wapiga shabaha wengi hufanya kazi hiyo nyumbani kwao kihalali, na watakaosoma maneno yangu ni hao.

Saa moja asubuhi

Ninarudia sura ya kwanza kabla ya kugusa majedwali ya vipimo vya baruti. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyo kwenye kitako chake ambayo huiwasha baruti, baruti yenyewe, na kichwa kinachoruka. Ganda lililokwisha kutumika husafishwa, hurudishwa kwenye umbo lake, hutiwa fataki mpya, hupimiwa baruti, kisha kichwa hukazwa mdomoni. Mikono huzoea hatua hizo upesi. Hatari kubwa iko kwenye kiasi cha baruti, na mgeni wa kazi hii hana njia ya kukikisia, kwa kuwa kimepatikana katika maabara yenye vyombo vya kupimia shinikizo. Kwa kielelezo, kikomo cha shinikizo kilichowekwa na SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926, kwa risasi ya bunduki ya .308 Winchester ni psi 62,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba), ilhali kwa risasi ya bastola ya .38 Special ni psi 17,000.

Saa mbili na nusu

Ninafika kwenye ukurasa ambao ningependa kila msomaji aukalie muda mrefu. Mstari mmoja wa jedwali hutaja aina ya ganda, aina ya fataki, uzito na umbo la kichwa, jina la baruti, urefu wa risasi iliyokamilika, kipimo cha kuanzia na kipimo cha juu kabisa. Mtu mwenye haraka huchukua jina la baruti na namba ya mwisho, akaacha mengine yote, na hapo ndipo anapojiweka hatarini, kwa sababu namba ile ni ya kweli pale tu sehemu zote za mstari zinapokuwa pamoja. Ukibadilisha kichwa, ukabadilisha fataki, au ukakaza kichwa ndani zaidi kuliko urefu ulioandikwa, nafasi ndani ya ganda hupungua au moto huwaka kwa namna nyingine, na shinikizo hubadilika hata kama baruti imepimwa sawasawa.

Majina ya baruti nayo yanataka macho. H4350 na IMR 4350 ni baruti mbili tofauti, kila moja ina mstari wake, na namba ya moja haihamishwi kwa nyingine. Mwongozo unashauri mezani kuwe na kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja, na inayobaki irudishwe katika kopo lake lenyewe. Nimeuacha ushauri huo katika herufi nzito jinsi ulivyo.

Saa nne

Mdogo wangu, anayejifunza kazi hii kwangu, amefika, nasi tunahakiki namba. Yeye husoma kwa sauti kutoka kwenye maandishi ya asili huku nikiiteremsha rula ya mbao juu ya nakala ya Kifaransa, safu baada ya safu. Kiingereza hutumia nukta na Kifaransa hutumia mkato. Mkato ukidondoka, 4,5 huwa 45. Kwa hiyo yeye hutamka “nne, mkato, tano” nami hujibu vivyo hivyo kabla ya kuteremka.

“Yaya,” ananiita, jinsi tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu, “kwa nini tusiandike gramu 0,3? Ukurasa utakuwa safi zaidi.”

Ninamwonyesha kwenye karatasi. Maandishi ya asili hupima baruti kwa greni, kipimo kidogo cha uzito. Gramu moja ni sawa na greni 15.43, hivyo greni 4.5 ni gramu 0.2916. Ukiikadiria namba hiyo kuwa 0.3, umempa msomaji greni 4.63. Katika risasi ndogo za bastola, umbali kati ya kipimo cha kuanzia na kipimo cha juu huweza kuwa nusu greni tu. Tungekuwa tumemsogeza robo ya njia bila yeye kujua. Tunakubaliana kuandika gramu kwa desimali tatu na kushusha, kamwe tusipandishe.

Saa saba mchana

Bukari, sombe, na samaki. Umeme umekatika, lakini betri inatosha.

Saa nane

Sura ya tatu inamwambia anayeanza asianzie kamwe kwenye kipimo cha juu. Aanzie chini, apande kidogo kidogo akichunguza kila ganda: fataki iliyobapazwa au ganda linalong’ang’ania chemba, yaani tundu la bunduki linamokaa, ni ishara za kusimama. Hata hivyo ishara hizo huweza kuchelewa, ndiyo maana kikomo cha kitabu hakivukwi hata kama ganda linaonekana zima. Mwongozo unataka pia vitabu viwili vilinganishwe, toleo jipya lipendelewe, na vikipishana mtu aanze na kipimo kilicho chini.

Wengi hufuata desturi ya kushuka asilimia 10 chini ya kipimo cha juu. Ni desturi njema, lakini si ya baruti zote. Watengenezaji wa baruti iitwayo H110 huonya kwamba isipunguzwe kupita asilimia 3, kwa kuwa ikipungua mno huenda isiwake ipasavyo na kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Katika maandishi ya asili onyo hilo limewekwa chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, na mimi sikubaliani na mahali hapo.

Saa tisa alasiri

Montréal ni saa tatu asubuhi. Mteja anataka safu ya greni iondolewe ili ukurasa upumue. Ninamweleza kwamba mizani nyingi za wasomaji wake husoma greni, na kwamba safu ya asili ndiyo itakayomwezesha mtu kuukagua ugeuzaji wetu. Anakubali zibaki zote mbili, greni ikitangulia. Kuhusu H110, anakubali onyo liingie ndani ya jedwali, kwenye mstari wa baruti hiyo hiyo.

Saa kumi na moja jioni

Mdogo wangu anaandika onyo hilo mahali pake, tunalisomeana, kisha tunahifadhi faili. Kesho tutashika .38 Special, ambayo ganda lake lilibuniwa enzi za baruti nyeusi na lina nafasi kubwa kiasi kwamba kipimo cha baruti kali kinaweza kumiminwa mara mbili bila ganda kufurika; kwa hiyo nimemwomba mteja picha ya maganda yaliyopangwa kwenye kibao chini ya taa, ili msomaji aone jinsi ya kuchungulia kila moja kabla ya kukaza kichwa.