Uwanja wangu na mfuko mtupu

Wiki 3 sasa nahangaika na uwanja wa nyumbani, na mfukoni hamna kitu. Nilianza na maji. Kila mvua yalikuwa yakituama mlangoni, basi nikachimba mfereji mdogo unaoteremka kutoka ukutani. Jembe la kuazima, mgongo wangu mwenyewe (bado unauma)! Vipande vya matofali nikavipanga vikawa njia.

Maua sikununua. Jirani alikuwa anapogoa bogenvilia yake, nikamwomba vipandikizi, nikavikata chini kidogo ya kifundo (pale jani linapochipukia) na kuvichomeka kwenye udongo uliochanganywa na mchanga, kivulini. Kati ya 12, 7 vimechipua. Majani makavu siyachomi tena, nayatandaza mashinani yatunze unyevu.

Ila ukuta niliupaka rangi ukiwa bado mbichi. Imebambuka yote.