Nukta iliyopotea kwenye bodi tano

Mwezi uliopita nilikamilisha bodi tano za majaribio za kifaa cha kupima joto la chumba cha kuhifadhia maziwa. Kihisi kilipokuwa kimeunganishwa kwa waya mfupi kama kidole, zote zilifanya kazi vizuri. Nilipofunga waya wa mita mbili, ambao ndio utakaotumika hasa, mawasiliano ya I2C (njia ya laini mbili, ya data na ya saa, ambayo kihisi huongea kwayo na bodi) yalikatika kwenye bodi zote, na kwa siku mbili nzima nikawa nailaumu programu yangu.

Fundi anaposhuku vipuri, kwa kawaida huanza kwa kulinganisha bodi na bodi. Nami nilifanya hivyo, na kwa kuwa vipimo vilikaribiana, nikaamini kwamba vipuri ni sahihi. Hapo ndipo nilipojidanganya. Mkono unaolehemu ukiteleza huharibu bodi moja, lakini orodha ya vipuri ikikosewa, bodi zote hutoka na kasoro ileile, na kila moja huitolea mwenzake ushahidi wa uongo.

Hatimaye nilirudi kwenye mchoro. Nikazima umeme, nikachomoa kihisi, nikapima ukinzani kati ya laini ya data na laini ya volti 3.3. Mchoro ulitaka kilo-ohmu 4.7; multimita, kipima-umeme changu, ikasoma 41. Ni kweli kwamba resista (kipuri kinachozuia mkondo) iliyo bado juu ya bodi haipimiki kwa uhakika, kwa sababu mkondo hupita pia kwenye vipuri vilivyo sambamba nayo, lakini njia hizo za pembeni hupunguza tu ukinzani unaosomeka, haziuongezi. Kilo-ohmu 4.7 ingeweza kusomeka 4.5, au hata 3. Ikisomeka 41, ama lehemu haikushika, ama resista siyo yenyewe. Nikachukua kioo cha kukuzia: juu ya kipande hicho cha milimita 1.6 kwa 0.8 paliandikwa 473, yaani 47 na sufuri tatu. Iliyotakiwa ilikuwa 472.

Resista hiyo ndiyo inayoivuta laini ipande juu, na waya mrefu huongeza kapasitansi, yaani uwezo wa laini kuhifadhi chaji, inayopaswa kujazwa kupitia humo. Kwa kilo-ohmu 47 na pikofaradi zipatazo 240, laini huchukua zaidi ya mikrosekunde 9 kupanda, ilhali kanuni ya I2C kwa kasi ya kilohezi 100 hairuhusu zaidi ya 1. Kwa waya mfupi kanuni ilikuwa ikivunjwa pia, ila kidogo, na kihisi kikavumilia.

Chanzo kilikuwa orodha niliyompelekea muuzaji, iliyochapishwa kwa wino hafifu, ambamo nukta ya 4.7K haikuonekana kabisa. Sasa naandika 4K7, herufi ikikaa mahali pa nukta.

Baada ya hapo sikuamini kipuri chochote. Kapasita za kauri, vipuri vya kuhifadhi chaji, ndizo zilizonichosha zaidi, kwa sababu hazina maandishi, na zilizo kwenye laini ya umeme zimeungwa sambamba, hivyo multimita husoma jumla yake. Ilinibidi nizing'oe moja moja kwenye bodi moja niliyokubali kuipoteza. Zote zilikuwa sahihi.

Resista za kubadilisha zilikuwa kumi, mbili kwa kila bodi. Nilinunua kumi na moja, na nashukuru, kwani moja iliruka kutoka kwenye kibano na mpaka leo sijaiona.