Kulima pareto kwa kufuata tabia yake ya porini

Sisi wa nyanda za juu tunaijua pareto, mmea ambao maua yake hutoa sumu ya kuulia wadudu, kama zao la mizani, magunia na bei ya kilo, na ni wachache wanaoifikiria kama ua la mwituni. Lakini asili yake ni pwani ya Dalmatia, katika Kroatia ya leo na nchi jirani za Bahari ya Adriatiki, ambako hujiotea kwenye miteremko ya mawe ya chokaa yenye udongo haba. Ni mmea wa jamii moja na alizeti, wenye majani ya kijivujivu yaliyochanikachanika na ua lenye petali nyeupe zinazozunguka kitovu cha njano, na shina lake hudumu ardhini miaka kadhaa. Naamini kwamba karibu kila ushauri mzuri wa kulima pareto unatokana na hali ya kule ilikotoka.

Jambo la kwanza ni baridi. Ukiipanda mahali pa joto itatoa majani mengi ya kupendeza, lakini maua hayatakuwa ya maana, kwa kuwa vitumba huanza kuumbika baada ya mmea kupitia majuma mawili au matatu ya baridi ya kutosha. Ndiyo maana tangu ilipoingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 imestawi sehemu kama Molo na Kinangop, huku Tanzania ikilimwa zaidi Mbeya, Iringa na Njombe, na Rwanda ikilimwa kwenye udongo wa volkano upande wa Musanze. Aliye chini ya mita 1,700 hivi, namshauri achague zao jingine.

Jambo la pili, ambalo wengi hulipuuza, ni maji yanayotuama. Mizizi iliyozoea mawe haivumilii tope. Huoza, na shamba lililokuwa zuri mwanzoni mwa masika huonekana na mapengo kabla mvua haijaisha. Chagua mteremko au panda juu ya matuta, ukiacha takriban sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya miche. Kuhusu mbolea, fosfeti wakati wa kupanda husaidia sana mizizi, ila anayemwaga mbolea ya naitrojeni kama aliyepanda kabichi atavuna majani.

Miche hupatikana kwa njia mbili. Mbegu ni ndogo mno, hivyo husiwa kitaluni juu ya udongo laini, hufunikwa kidogo tu na kutiliwa kivuli, kisha miche huhamishwa baada ya miezi mitatu au minne. Njia nyingine ni kung'oa shina lililokomaa mwanzoni mwa mvua na kuligawa vipande vyenye mizizi. Mimi napendelea kugawa mashina, kwa sababu kila kipande hurithi sifa zote za mama yake, na mkulima anaweza kuchagua shina alilokwisha kuliona likichanua vizuri. Lakini shina lenye minyoo fundo, yaani minyoo ya udongoni inayovimbisha mizizi, litahamishia minyoo hiyo shamba jipya, kwa hiyo mizizi yenye vinundu ichomwe moto bila huruma.

Uchumaji ndio unaotenganisha mkulima na mkulima. Sumu ya pareto, iitwayo pairethrini, haimo sana katika petali wala majani, bali imejaa katika vijitunda vidogo vilivyo ndani ya kitovu cha ua, na hufikia kiwango kizuri wakati vijiua vya njano vinavyounda kitovu hicho vimekwisha kufunguka katika mistari mitatu au minne ya nje. Ua lililochumwa likiwa kitumba ni hasara, na lililoachwa hadi petali zikasinyaa nalo ni hasara. Kwa kuwa maua ya shina moja hayakomai pamoja, mchumaji hurudi shambani kila baada ya majuma mawili au matatu, akichuma vichwa pekee bila vikonyo, na kuvitia katika kikapu kinachopitisha hewa, kwani maua mabichi yakishindiliwa kwenye mfuko wa plastiki hupata joto na kuharibika. Wengine huwashwa ngozi kwa kazi hiyo. Hao wavae glavu.

Maua huanikwa siku ileile, yakitandazwa kwa tabaka jembamba juu ya chanja. Kilo nne mbichi hutoa kama kilo moja kavu, na ua likikauka sawasawa husagika kwa vidole. Baada ya hapo lihifadhiwe gizani, mahali pakavu, maana mwanga huivunja pairethrini. Udhaifu huo ndio unaoifanya isikae muda mrefu kwenye mboga au udongo, ingawa ni kosa kuiona haina madhara: huua samaki na nyuki kama inavyoua mbu, na maji ya kusafishia pampu yasimwagwe mtoni.

Mwishoni mwa msimu kata vikonyo vikavu ili shina lichipue upya. Mavuno makubwa huja mwaka wa pili na wa tatu. Baada ya mwaka wa nne ni afadhali kung'oa, kupanda viazi au ngano, na kuipeleka pareto kwenye kipande kingine.