Kidonge nilichodhani hakina kazi

Miaka minne iliyopita moyo wangu ulianza kwenda mrama. Nimekaa nimetulia, mara unarukaruka kifuani, pumzi inakata, miguu inaisha nguvu. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha fibrilesheni ya atria: vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vikitetemeka ovyo badala ya kupiga.

Kabla ya dawa nilifanyiwa ultrasaundi ya moyo. Daktari alitaka kunipa flekainidi, dawa ya kurudisha mdundo wa moyo, na hiyo haifai kwa mwenye moyo ulioharibika. Mwaka 1989 utafiti wa CAST ulionyesha kwamba watu waliowahi kupata shambulio la moyo walikufa zaidi walipoitumia kuliko wenzao waliomeza vidonge visivyo na dawa. Moyo wangu ulikuwa mzima. Nikapewa flekainidi, bisoprololi, na dawa ya kuzuia damu isigande, maana damu ikituama kwenye vyumba vinavyotetemeka hufanya bonge, na bonge likifika kwenye ubongo ni kiharusi.

Siku chache tu mdundo ukatulia. Tatizo likawa bisoprololi. Ilinichosha, ngazi zikanishinda, mikono ikawa baridi. Nikajiambia: kinachorudisha mdundo ni flekainidi, hii nyingine ya nini? Nikaiacha kimyakimya. Hata mke wangu hakujua.

Wiki ya tatu, nikipanda mlima, moyo ulikimbia kuliko siku zote na macho yakaingia giza. Hospitali walihesabu mapigo 210 kwa dakika, presha imeshuka. Wakanipa dawa ya usingizi, wakaupiga moyo shoti ya umeme, ukarudi.

Kesho yake daktari alikaa kando ya kitanda akachora moyo kwenye karatasi. Katikati, kati ya vyumba vya juu na vya chini, aliweka nukta: nodi ya AV. Huyu ni bawabu, akasema. Vyumba vya juu vikitetemeka, mawimbi ya umeme ni mengi mno, naye hupitisha machache tu. Flekainidi wakati mwingine huugeuza mtetemeko huo kuwa flata, mawimbi yaliyopangika. Flata ya kawaida huwa na mawimbi karibu 300 kwa dakika, na bawabu hupitisha moja katika kila mawili, yaani mapigo 150. Lakini flekainidi huyapunguza kasi hadi 200 hivi, na 200 bawabu anaweza kuyapitisha yote. Huko juu kasi imepungua, huku chini moyo unakimbia kupita kiasi. Bisoprololi ipo ili kumfanya bawabu awe mzito wa kufungua.

Nililia. Nilikuwa nimemwondoa mlinzi wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Mbona hukuniambia kwamba inakuchosha?" aliniuliza. Sikuwa na jibu. Akapunguza dozi kwa nusu, akaniambia niimeze usiku, na baada ya wiki mbili nilipanda ngazi bila kusimama. Alinionya pia nisichanganye dawa nyingine yoyote bila kumuuliza. Sotaloli na amiodaroni, kwa mfano, kila moja hurefusha muda ambao moyo hujiandaa kwa pigo linalofuata, na zikikutana zinaweza kuzaa mdundo wa kuua. Kwa hiyo vidonge vyangu vyote huenda nami kliniki, hata vya mafua.

Kliniki iliyopita kipimo kilionyesha mapigo 62, mdundo sawasawa. Nilimwambia daktari kwamba asubuhi mikono bado huwa baridi. Akaandika kwenye faili.