Mlango mpya uliokwaruza sakafu: kilichosaidia ni kadibodi

Nimebadilisha milango ya vyumbani mwenyewe, na mmoja ulinisumbua kuliko yote. Kila ukifungwa, kona ya chini upande wa kitasa ilikwaruza sakafu, na juu ubao ulisugua fremu. Upande wa bawaba, nafasi ilikuwa pana juu na finyu chini.

Nilikaza skrubu zote. Nikaweka ndefu zaidi kwenye bawaba ya juu. Bado. Randa nayo ilipunguza msuguano kidogo tu, nikaiweka chini kabla sijaumaliza ubao.

Kumbe ubao ulikuwa sawa. Fremu ya zamani ndiyo iliyoinama kidogo. Timazi, kile kifaa cha kupimia wima, ilionyesha hivyo mara moja.

Nilifungua mlango, nikausukumia kabari chini ya upande wa kitasa hadi uzito wote ukakaa juu ya kabari. Nikafungua skrubu za bawaba ya chini upande wa fremu tu. Nikakata kadibodi nyembamba, kama milimita 1, sawasawa na bamba la bawaba, nikaipachika nyuma yake na kurudisha skrubu.

Hiyo kabari msiidharau. Bila hiyo mlango unaning'inia kwenye bawaba ya juu na skrubu hazirudi kwenye matundu yake.

Unene huo mdogo ulisukuma sehemu ya chini nje, na upande wa kitasa ukainuka. Sasa pande zote mbili zina nafasi ya karibu milimita 3. Ukiona haitoshi, ongeza kadibodi ya pili.