Nilivyosanifu kanga mbele ya ukumbi mzima

Kazi yangu ni ya dukani Kariakoo: kadi za harusi, mabango, lebo za chupa za asali. Chuo cha usanifu sikukanyaga, na mashindano nilikuwa nikiyaona kwenye simu tu. Nilipojiandikisha kwenye shindano la papo kwa papo hapa Dar es Salaam, wenzangu dukani walinipa pole kabla ya hongera. Mnakaa jukwaani, kila mmoja na kompyuta yake, mada mnapewa palepale, na kila unachofanya kinaonekana kwenye skrini kubwa iliyo nyuma yako. Ukifuta, ukumbi unaona. Ukikaa unahangaika na fonti, unaona vilevile.

Silaha yangu ilikuwa moja: nimezoea kutazamwa. Mteja wa Kariakoo hakuachii kazi akaenda zake. Anavuta kiti, anakaa begani kwako, anaanza: “Dada, hilo ua lisogeze kidogo. Hapana, lirudishe. Jina la bwana harusi mbona dogo?” Nyuma yake wamesimama wanaosubiri zamu, nao wana maoni yao. Aliyepita hapo, jukwaa halimtishi sana. Maandalizi mengine yalikuwa ya kawaida tu: jioni tukishafunga duka, naweka saa ya simu, kaka mmoja wa pale ananitajia mada yoyote, nachora mpaka saa ilie.

Mada ya raundi yetu ilisomwa: kanga ya kumpelekea mama mkwe, dakika 30, rangi zisizozidi 3. Ukumbi uliangua kicheko, maana kila mtu anajua majina ya kanga yanavyoweza kuchoma. Jirani yangu wa kulia akaanza mara moja na maua. Mimi nilianza na jina, kwa sababu jina ndilo linaloamua kanga inampelekea mtu heri au shari. Nikaandika kwa herufi kubwa: MAMA UMENILELEA, NAMI NITAKUTUNZIA. Akina mama wa viti vya mbele wakapiga kigelegele, na hapo nikajua nusu ya kazi imekwisha.

Kanga ina sheria zake, na kwenye shindano la muda sheria ni msaada mkubwa. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na kuna jina ndani ya kisanduku chake kwa chini. Kipande kimoja ni kama sentimita 150 kwa 110. Nikagawa mstatili wangu robo nne, nikachora robo moja tu ya pindo, yenye korosho, kisha nikaigeuza kulia na chini. Kwa kuchora robo, nikapata nzima. Muda ulikuwa haujafika hata nusu na skrini yangu tayari ilikuwa na kitu ambacho mtu wa kiti cha mwisho angekiita kanga. Hili naliona kubwa kuliko ufundi wote wa programu: mtazamaji hana subira na vipande vipande, anataka umbo zima mapema, mapambo atakusubiria.

Kwa rangi nilikwenda kwenye kisutu, kanga ya bibi harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mama mkwe yeyote wa pwani akiona rangi hizo anawaza ndoa kabla hajasoma neno. Tena nyeupe si wino, ni kitambaa chenyewe kilichoachwa wazi, kwa hiyo mchapaji anahitaji wino wa aina mbili tu. Jaji mmoja, mtu wa viwandani, aliniuliza hasa hilo, na jibu nilikuwa nalo.

Katikati ya mji niliweka dele la kahawa, na vikombe kwenye pembe nne. Nikiwa bado nalichora, mama mmoja akapaza sauti: “Mwanangu, dele gani hilo halina mkono?” Ukumbi ukacheka. Nikajibu bila kugeuka, “Unakuja, mama, subiri kahawa ichemke,” nikaendelea. Mshereheshaji naye hakuchelewa kuniletea kipaza sauti: “Dada, tuambie, unafanya nini hapo?” Kwake nilikuwa nimejiwekea majibu mafupi tangu nyumbani. Unasema kitu kimoja unachokifanya wakati huo, basi. Ukianza kueleza falsafa yako, mkono unasimama, na dakika hazirudi.

Dakika za mwisho sikuongeza kitu. Nilipunguza ukubwa wa mchoro mpaka ukawa kama stempu, nikaangalia kama jina bado linasomeka. Halikusomeka vizuri, nikanenepesha herufi. Kanga inasomwa mwenye nayo akiwa anatembea, tena kwa nyuma. Herufi za madoido hazina kazi pale.

Raundi hiyo nilipita. Fainali ilikuwa nembo ya duka la aiskrimu, na kijana mmoja mwenye kalamu ya kuchorea kwenye kioo akatuacha mbali wote. Alikuwa anachora kwa mkono huru wakati mimi bado nasogeza nukta kwa kipanya. Alistahili. Tulipotoka nilimwomba anionyeshe anavyoishika, akaniachia nijaribu pale kwenye ngazi. Sasa nimeazima kalamu kama ile kwa mteja mmoja, na mazoezi ya jioni dukani tumeyaanza upya, ila kaka yule safari hii anataka kushindana na yeye.